Ukucha Mwembamba

Kitinda mimba wetu kaniuliza juzi: "Baba, mbona ukucha huu mwembamba kuliko wa mguu wa pili?" Nikamwambia ulikatwa na daktari. Akataka kisa kizima.

Nilikuwa kidato cha pili, Tanga, nacheza mpira na njumu za kuazima zilizonibana. Kidole gumba cha kulia kikaanza kuwaka moto pembeni. Ukucha ulikuwa unaingia nyamani. Kaka akanikatia kona kwa wembe, nikapata nafuu, kisha maumivu yakarudi makali zaidi. Mama akawa ananiloweka mguu kila jioni kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi. Uvimbe ulipungua, lakini usaha haukukauka, na pembeni ikaota nyama nyekundu iliyotoka damu hata ikiguswa na soksi. Ndipo tukaenda zahanati.

Tabibu alinichoma sindano ya ganzi kwenye shina la kidole, huku na huku. Hapo nililia. Akakaza mpira kwenye shina ili kuzuia damu, akasubiri, akanigusa kwa ncha ya sindano. "Unasikia?" Nilisikia kusukumwa tu. Akaupasua ukucha kwa urefu, kutoka ncha hadi mzizini, akaushika ule ukingo kwa kibanio, akauzungusha taratibu mpaka ukatoka wote. Kwenye kona yake palikuwa na kimwiba cheupe cha ukucha, kimelegea kwa usaha, pale pale wembe ulipokuwa ukipita. Mama akainama kukitazama.

"Ni hiki tu?"

"Ni hicho, mama. Maji ya chumvi hayana kosa, ila mwiba ulikuwa bado ndani."

Akapaka fenoli, dawa ya kuunguza, kwenye mzizi wa upande ule ili usiote tena. Akanionyesha namna ya kukata: usawa, bila kuzungusha kona, wala usikate fupi mno. Kidonda kilipona baada ya wiki kadhaa.

Siku hizi mama ana kisukari, na mimi ndiye ninayemkagua vidole. Nikiona wekundu pembeni mwa ukucha nataka twende hospitali siku hiyo hiyo, maana kwa mwenye kisukari kidonda kidogo cha mguu kinaweza kuoza bila yeye kusikia maumivu. Yeye huniagiza kwanza beseni na chumvi. Sijapata namna ya kumkatalia bila kumuumiza, na bado tunavutana.