Vitabu Nilivyomsomea Mama

Nilizaliwa mwaka 1983 upande wa Zaire, si mbali na mpaka wa Uganda, katika kijiji ambacho jina lake sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Nyumbani kwetu Arua, habari za ukimbizi zilitajwa kwa neno moja tu, "kule", na mtoto aliyeuliza kule ni wapi alitumwa maji. Baba, aliyekuwa dereva wa jeshi wakati wa Idi Amin, alifariki bila kunisimulia lolote. Baada ya matanga yake ndipo nilipoanza kutafuta vitabuni yale niliyoyakosa nyumbani.

Mwanzoni nilipotea njia. Katika maduka ya vitabu ya Kampala niliomba vitabu vya vita, nikaletewa vitabu vya Amin, kana kwamba vita vyote vya nchi hii vilimpata yeye peke yake. Nilinunua kumbukumbu za waziri wake wa afya, aliyemtoroka mwaka 1977, nikasafiri nazo usiku kucha hadi Arua, na asubuhi nikamsomea Mama kurasa chache. Alisikiliza kwa adabu, kisha akainuka kwenda kuchambua maharagwe yake. "Hayo ni mambo ya Ikulu, mwanangu," aliniambia. "Sisi tulikuwa shambani."

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza vitabu vya vita, nikaanza kuuliza vya ukoo. Rafiki yangu wa kabila la Waganda aliniazima Kintu, riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi iliyochapishwa Nairobi mwaka 2014. Inaanza mwaka 1750, pale mtawala wa jimbo anapompiga kofi kijana aliyemlea kama mwanawe, kijana akafa, na baba mzazi, mgeni kutoka Rwanda, akalaani kizazi chote. Laana hiyo inawafuata wajukuu hadi Kampala ya mwaka 2004. Kilichonigusa zaidi ya laana yenyewe ni jinsi watu waliotawanyika, wengine wasiojua hata baba zao, wanavyotafutana na kukusanyika kama ukoo mmoja. Waganda wana desturi ya kulanya, yaani kujitaja jina lako, la baba, la babu na la ukoo wako mbele za watu. Nami nilipojaribu kufanya hivyo kimoyomoyo, nilikwama kwa babu. Nilimpigia Mama simu usiku uleule. Alinitajia majina matano mfululizo bila kusita, halafu akaniuliza kwa nini sikuwahi kumwuliza. Sikumkumbusha habari za kutumwa maji.

Kitabu kilichotusumbua kuliko vyote ni Waiting, cha Goretti Kyomuhendo, kilichotoka mwaka 2007. Ni kitabu chembamba, kinachosimuliwa na msichana wa sehemu za Hoima mwaka 1979, wakati familia yake inalala vichakani ikiwaogopa wanajeshi wa Amin wanaorudi nyuma mbele ya majeshi ya Tanzania. Niliposoma nilijikuta nikiwaonea huruma wale watoto, kisha nikatambua kwamba wanajeshi wale walikuwa wakikimbilia kaskazini, kwetu, na kwamba huenda mmoja wao, nyuma ya usukani wa lori, alikuwa baba yangu. Nilikaa na kitabu hicho wiki nzima kabla sijathubutu kumpelekea Mama.

Hapo ndipo nilipojifunza namna ya kumsomea. Kutafsiri sentensi kwa sentensi kulimchosha, kwani Kiingereza kilikuwa kinachungulia katika kila neno. Nikawa nasoma sura nzima usiku, naweka alama kwa penseli, na asubuhi nafunga kitabu na kumsimulia kwa Kiswahili chetu cha mpakani. Nilipofika mahali watu wanapolala nje, hakuuliza habari za wanajeshi. Aliuliza walikula nini, na nani alibaki na mbuzi. Kisha akaanza mwenyewe, bila kuombwa: jinsi majeshi ya serikali mpya yalivyoingia West Nile, eneo letu, mwaka 1980 kulipiza kisasi kwa watu wa kabila lolote walilolihusisha na Amin, jinsi walivyovuka mpaka usiku, na jinsi ndugu yake mmoja alivyokataa kuvuka, akajihifadhi katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, ambako wanajeshi waliwaua raia tarehe 24 Juni 1981. Jina la ndugu huyo sikuwa nimelisikia hata mara moja. Niliandika kila kitu katika daftari, kwa kuwa niliona aibu kumrekodi kwa simu.

Vitabu vya wataalamu nilivikuta katika orodha zilizo mwishoni mwa vitabu vingine, na ninapendekeza njia hiyo kwa yeyote asiye na mtu wa kumwelekeza. Kimoja, Imposing Aid cha Barbara Harrell-Bond, cha mwaka 1986, kinahusu watu wa Uganda waliokimbilia kusini mwa Sudan, na kinayalaumu mashirika ya misaada kwa kuwachukulia wakimbizi kama watu wasiojiweza, ilhali wengi walikuwa wamejitafutia makazi nje ya kambi. Ni kizito, na nilikisoma kwa kuruka, lakini pale nilipomweleza Mama jambo hilo alipiga makofi. Wao pia hawakuishi kambini. Walipewa shamba na watu wa lugha yao, maana Walugbara wapo pande zote mbili za mpaka, na mpaka haukuwauliza. Leo wakimbizi wa Sudan Kusini wapo Bidi Bidi, wilayani Yumbe, tangu mwaka 2016, na kila tunapopita njia ile Mama hukaa upande wa dirisha.

Mwaka jana nilipata nakala ya Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022. Mwandishi mwenyewe aliihama Zanzibar akiwa kijana, baada ya mapinduzi. Sikuwa na haja ya kumsimulia Mama. Nilimpa kitabu na miwani. Alilalamika siku mbili nzima kwamba Kiswahili hicho kimevaa kanzu, tofauti na cha kwetu kinachotembea peku, na maneno mengine alinipigia simu kuyauliza. Sasa amefika pale Yusufu anapopandishwa garimoshi pamoja na tajiri anayemwita mjomba, na amenikataza kumwambia kama mtoto huyo atarudi kwao.