Foklifti ilinivunja mguu Iyunga, na nikalipwa haki yangu

Ukiumia kazini hapa Mbeya watu wa kwanza kukushauri unyamaze ni wafanyakazi wenzako, eti ukidai unafukuzwa. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa bado na hogo mguuni, mpaka leo inaniuma.

Ilikuwa kwenye ghala moja la mchele Iyunga. Foklifti ni ile mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na wengi wanaogopa vile vyuma vyake vya mbele vya kunyanyulia, ila inakata kona kwa tairi za nyuma, opereta akikunja kushoto mkia unafagia kulia, na huko nyuma ndiko kuna lile pande la chuma zito linaloizuia isipinduke. Mkia ukanibana kwenye paleti za viroba, tairi ikapanda mguuni.

Supavaiza akafika hospitali kabla sijaonana na daktari, "Mdogo wangu, sema umeanguka na bodaboda, matibabu tutalipa sisi." Nikakataa. Daktari nikamwambia foklifti, kazini, na sikutoka mpaka nimeona ameandika hivyo hivyo.

Nikamtuma shemeji ofisini kuripoti, mara bosi hayupo, mara fomu zimeisha, mara njoo Jumatatu, nikaona hawa wananizungusha. Nikaandika barua kwa mkono, tarehe, saa, namba iliyochorwa ubavuni mwa foklifti, waliokuwepo, nikatoa kopi, nikaenda mwenyewe na magongo yangu. Kwa bosi sikugusa, nikanyoosha kwa dada wa mapokezi, "Dada yangu naomba upokee hii, na kopi yangu unigongee muhuri." Akagonga, pwaa, na tarehe juu! Hapo walikuwa hawana pa kukimbilia, maana sheria inampa mwajiri siku 7 tu tangu apate taarifa kuifikisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Fomu zilizoisha zikapatikana wiki hiyo hiyo.

Na wanaosema WCF utakatwa mshahara wanapotosha, mchango ni 0.5% ya mishahara na anatoa mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Matibabu mfuko ulilipa, na muda niliokaa nyumbani nililipwa 70% ya mshahara. Mimi nilichotoa ni bajaji na kopi, kama elfu thelathini hivi. Ila usilaze damu, madai mwisho miezi 12.

Juzi jamaa wa zamu ya usiku aliyeumia bega kaja nyumbani kuomba ile barua aige, nimempa, nikamwambia aanzie mapokezi.