Hapa si Zahanati

Jana usiku walikuja tena. Safari hii alikuwa mama mmoja na binti yake mjamzito, uchungu umeshamkaza, na dereva aliyewaleta alikuwa ameshageuza gari na kuondoka kwa sababu simu yake ilisema wamefika. Nilipofungua geti, yule mama hakuuliza hapa ni wapi. Alisema, "Samahani dada, tunaomba kiti cha magurudumu." Mtu aliye katika hali ile haulizi kama amefika. Ameambiwa amefika, ameamini.

Zahanati wanayoitafuta ipo, tena ipo karibu mno. Ukuta wake wa nyuma umegusana na ukuta wangu wa nyuma. Lakini mlango wake uko barabara ya pili, na ukitoka kwangu ni lazima uzunguke safu nzima ya nyumba ndipo uzione taa zao. Kwa mtu mzima wa afya ni mwendo mfupi. Kwa binti anayesimama kila baada ya hatua chache kushika ukuta, si mfupi hata kidogo. Tuliwapeleka kwa gari letu, muuguzi wa zamu akampokea vizuri, na asubuhi hii nimesikia amejifungua salama. Nimeshukuru sana. Kisha nimekaa kuandika, maana jambo hili limenikaa moyoni siku nyingi na nataka kulisema lote.

Nimejifunza kwa nini wanakuja kwangu. Kwenye ramani ya simu, zahanati si jengo lenye mlango. Ni nukta moja. Nukta ya jirani zangu hawa iliwekwa nyuma ya jengo lao, upande wa ukuta tunaochangia. Programu inapotafuta njia ya gari, huivuta nukta hiyo hadi kwenye barabara iliyo karibu nayo zaidi kwa mstari ulionyooka. Ukuta haumo katika hesabu hiyo, wala geti. Barabara iliyo karibu zaidi ni ya kwangu. Kwa hiyo mgonjwa anaambiwa kwamba aendako ni upande wa kushoto, na upande wa kushoto ni nyumba yangu.

Kuna njia nyingine nyingi za kumpoteza mtu. Mahali penye namba za nyumba, programu ikikosa mahali halisi pa kila namba hukisia: inajua barabara inaanzia namba 1 na kuishia namba 100, basi inagawa umbali sawasawa na kusema namba 50 iko katikati, hata kama nusu ya barabara ni kiwanja kitupu. Majina ya barabara hufanana. Mji mzima hupewa nukta moja. Watu husema "GPS imekosea," lakini mara nyingi satelaiti hazina kosa. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya satelaiti hizo yanayotumiwa na raia, simu iliyo chini ya anga wazi huweza kujua ilipo kwa tofauti ya takriban mita 5. Simu inajua vizuri wewe uko wapi. Isichokijua ni kilipo kile unachokitafuta, na hilo haikuambii.

Wengi wanaogonga kwangu ni wapole. Wanaomba radhi, wanaelekezwa, wanaondoka. Wapo wanaobisha. "Lakini ramani inaonyesha ni hapa," aliniambia baba mmoja huku akinielekezea kioo cha simu, na mimi nimesimama kwenye kizingiti cha nyumba ninayoishi. Sikumkasirikia. Alikuwa amembeba mtoto mwenye homa, na mtu asiyemjua alikuwa anamwambia jambo lililopingana na kitu pekee alichokuwa anakitegemea usiku ule. Ila nilisikitika kuona neno la mtu aliyepo mahali penyewe linapimwa na neno la nukta, na nukta inashinda.

Usiku ndio mgumu. Geti likigongwa kwa nguvu saa ambazo watu wema wamelala, watoto huamka na kuogopa, na hata mimi moyo hunidunda kabla sijajua ni nani. Lakini anayegonga naye yuko hatarini. Amesimama gizani mbele ya nyumba ya watu asiowajua, huku ndani kukiwa na hofu. Silali vizuri nikifikiria kwamba siku moja mgeni wa namna hii anaweza kugonga nyumba ambayo hofu yake ina silaha.

Jirani yangu alinishauri niandike getini: HAKUNA ZAHANATI HAPA, USIGONGE. Nilikataa. Maneno hayo yanamfukuza mtu bila kumsaidia. Nimeandika hivi: ZAHANATI IKO BARABARA YA NYUMA. PINDA KUSHOTO, KISHA KUSHOTO TENA. GETI LA KIJANI. Herufi ni kubwa, za rangi inayong'aa taa za gari zikiipiga, na chini yake kuna mshale. Imesaidia. Wenye magari siku hizi wengi hupunguza mwendo, husoma, huendelea. Wasiosaidika ni wale walioshushwa na gari likaondoka, na bahati mbaya hao ndio huwa wagonjwa zaidi.

Halafu kuna aina ya wageni ambao hawatafuti zahanati. Kijana mmoja alikuja na wenzake wawili akidai simu yake iliyoibwa imo ndani ya nyumba yangu, na kweli, kwenye kioo cha simu ya mwenzake kulikuwa na alama juu ya paa letu. Nilimwomba aikuze picha. Kuizunguka ile alama palikuwa na duara jepesi la buluu lililofunika nyumba nyingi, na maana ya duara hilo ni kwamba simu iko mahali fulani humo ndani, popote. Yeye aliona kitovu tu. Tena simu iliyo ndani ya jengo mara nyingi haipati satelaiti vizuri, hivyo hukisia ilipo kwa kusikiliza ruta za waifai zilizo karibu na kuzilinganisha na kanzidata inayosema kila ruta iko wapi. Ruta ikihama nyumba, kanzidata inaweza kuendelea kuiweka kule ilikokuwa. Yule kijana alielewa, tukaachana kwa amani. Naogopa wengine hawataelewa. Duara lile ndilo ukweli wote aliokuwa nao, na limechorwa kwa rangi hafifu kuliko kitu chochote kwenye kioo.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Programu isiyojua mahali halisi inapaswa kusema haijui. Ikiwa inajua mtaa tu, ionyeshe mtaa mzima. Ikiwa inajua mji tu, ionyeshe mji. Kuchukua kutojua kwako na kukushusha juu ya nyumba moja ya watu, kwa nukta iliyochongoka kana kwamba umepima kwa kamba, ni kuwabebesha wenye nyumba mzigo wasioujua.

Yaliyotokea Kansas, Marekani, yanaonyesha mzigo huo unavyoweza kuwa mzito. Kampuni ya MaxMind hukisia kila anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kilichounganishwa na intaneti, iko wapi duniani. Kwa anwani zilizojulikana kuwa za Marekani tu, bila zaidi, iliamua kutoa nukta ya katikati ya nchi. Kitovu halisi cha majimbo 48 yaliyoshikana kiko karibu na digrii 39 na dakika 50 kaskazini, digrii 98 na dakika 35 magharibi. Mwaka 2002 ikachaguliwa namba nyepesi zaidi: 38 kaskazini, 97 magharibi. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo urahisi huo uliisogeza nukta zaidi ya kilomita 200. Ikaangukia uwanja wa shamba karibu na mji mdogo wa Potwin. Kufikia mwaka 2016, mwandishi wa habari Kashmir Hill alipoifichua habari hiyo, nukta hiyo ilikuwa imebandikwa kwenye anwani zaidi ya milioni 600. Kila tapeli, kila mtu aliyetishia kujiua, kila kompyuta iliyotumika kwa uhalifu bila kujulikana ilipo, ilionekana kuwa shambani pale. Polisi walikuja. Maofisa wa serikali walikuja. Magari ya wagonjwa yalikuja. Watu wenye hasira walikuja kulipiza kisasi. Miaka ilipita familia iliyoishi shambani pale haijui kwa nini.

Pretoria, Afrika Kusini, ilitokea karibu vilevile, na Hill huyohuyo akaiandika mwaka 2019. Mji ule wote ulikuwa na nukta moja katika orodha ya majina ya mahali ya shirika la Marekani la upelelezi wa kijiografia, NGA, na nukta hiyo ilikuwa nyuma ya nyumba ya watu. Kanzidata nyingine zikaichukua kama ilivyo. Wenye simu zilizoibwa wakafika, polisi wakafika. Nukta zile zimehamishwa baadaye. Ile ya Kansas ilipelekwa kwenye maji ya ziwa. Nikisoma habari hizo huwaza zaidi ile miaka ya kutojua. Mimi angalau nilijua mapema, kwa sababu zahanati ninaiona kutoka dirishani.

Ipo pia habari ya Rowlett, Texas. Machi 2016 wabomoaji walibomoa nyumba isiyo yenyewe, baada ya kimbunga kupita eneo lile miezi michache kabla, na ramani ya mtandaoni ikatajwa kuwa ndiyo iliyowapeleka pale. Hapo hakuna geti la kufungua na kueleza.

Kutojua hakuna budi kuwekwe mahali fulani, naelewa. Wataalamu wa ramani wana sehemu waliyoipa jina Null Island, yaani latitudo 0 na longitudo 0, katika Ghuba ya Guinea. Kisiwa hakipo, lipo boya la hali ya hewa na bahari tupu. Data nyingi zilizoharibika huishia huko, kwa sababu programu iliyokosa namba huandika sifuri. Sioni aibu yoyote katika hilo. Anayeona gari lake la mizigo limo baharini anajua papo hapo kwamba kuna kosa na analitafuta. Akiona limo kwangu, anapiga hodi.

Kuhusu kurekebisha, nitaandika niliyoyapitia kwa ajili ya mwenye shida kama yangu. Programu kubwa za ramani zina sehemu ya kupendekeza marekebisho. Pendekezo langu la kwanza lilikataliwa bila sababu, na siwezi kueleza uchungu wa kukataliwa na mtu ambaye hajawahi kusimama getini kwako usiku. Nikaenda zahanati mwenyewe. Mganga mfawidhi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tulijua wagonjwa wetu wanachelewa. Hatukujua wanachelewea kwako, mama." Wao, kama wenye ukurasa wa zahanati kwenye ramani ile, waliihamisha nukta wenyewe, nao wakakubaliwa. Kwa hiyo anza na jirani yako. Mwambieni kwa pamoja mwenye ramani, ambatanisheni picha ya mlango yenye kibao, na ombeni nukta iwekwe mlangoni, si juu ya paa.

OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, ilikuwa rahisi zaidi. Mtu yeyote anaweza kuacha dokezo au kuhariri, na mlango unaweza kuwekewa nukta yake peke yake. Nimeuchora na ukuta wetu. Nilipoona ule mstari umekaa kati ya zahanati na barabara yangu, niliona kwamba hatimaye ramani imeambiwa kitu ambacho kila mtoto wa mtaa huu anakijua.

Lakini marekebisho hayasafiri haraka kama makosa. Programu nyingi hununua au kunakili data, kisha huikalia. Madereva wengine wana ramani walizopakua zamani na hawajazisasisha. Kampuni za usafiri huhifadhi mahali pa wateja wao katika kanzidata zao wenyewe. Programu iliyomleta binti wa jana ni ya namna hiyo. Nimeshawaandikia, wakanijibu kwa ujumbe wa moja kwa moja unaonishukuru kwa maoni yangu.

Leo tumewaandikia tena, mara hii mimi na mganga mfawidhi, barua moja yenye sahihi mbili. Tumeeleza ya jana usiku bila kumtaja mgonjwa. Tumeweka picha ya geti la kijani, pamoja na latitudo na longitudo yake kwa tarakimu tano baada ya nukta ya desimali, ambazo zinatosha kuonyesha mahali kwa karibu mita moja. Tumeomba waihamishe nukta leo, na kama wanataka kuchunguza ilifikaje pale, wachunguze baadaye.