Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani mwenye baridi yabisi

Saa 11 alfajiri. Macho yamefunguka, vidole bado. Nikijaribu kukunja ngumi vinaishia nusu njia, vimevimba pale vinapoungana na kiganja, kulia na kushoto sawasawa. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu, mara nyingi hushika pande zote mbili. Kinga ya mwili imegeuka kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo, na kemikali zinazoleta uvimbe hupanda usiku kuelekea asubuhi. Basi mwenzangu akiniambia "pumzika, utapoa", nanyamaza tu. Maumivu yangu hukolea nikipumzika.

Saa 12. Beseni la maji ya uvuguvugu. Nazamisha mikono mpaka juu ya vifundo, nafumba na kufumbua polepole, kisha kidole gumba kinakwenda kuamkia vidole vingine, kimoja baada ya kingine. Cha pete cha kushoto ndicho mkaidi. Mswaki nimeuviringishia sponji ili mpini unenepe, maana kitu chembamba kinadai kubanwa kwa nguvu. Na nguo zangu zote nimezing'oa vifungo nikatia zipu zenye kitanzi kikubwa cha utepe. Faida ya kuwa fundi hiyo.

Saa 2. Kufuli anafungua mwanagenzi wangu. Saa hizi sigusi mkasi: naongea na wateja, yeye anapima na kuandika, mimi napanga kazi ya siku. Anayeninyooshea mkono namjibu kwa kuweka wangu kifuani. Wengine hununa.

"Fundi, mbona mikono naiona mizima?"

"Ungeiona alfajiri, dada."

Saa 4. Vidole vimelegea, sasa nakata. Mkasi wa kawaida wa fundi ni mzito, na tundu lake hukandamiza kidole gumba palepale panapouma. Tena unaumia mara mbili, kuubana na kuufungua. Wangu wa sasa una springi, unajifungua wenyewe. Kitambaa chepesi nakikata kwa kisu cha duara kinachobingirika: nakishika kwa kiganja kizima, nguvu inatoka begani. Pini nimeziacha, patani, ile karatasi ya umbo la nguo, nailaza kwa vipande vya chuma. Mtaalamu wa tiba kazi ndiye aliyenifundisha hesabu hii, kwamba kazi ya kidole uuachie mkono mzima, ya mkono uliachie bega. Hata jora la kitambaa sasa nalipakata kifuani kama mtoto, silibebi kwa vidole.

Saa 6. Kengele ya simu inalia, nasimama. Sisubiri mikono iume. Siungi mkono hata kidogo hii tabia ya kusifiana uvumilivu, kwa sababu kiungo kilichovimba kikilazimishwa leo, kesho chote kinalala.

Kuanzia hapa navaa banzi. Ni la kitambaa, lina kipande cha chuma upande wa kiganja, linakiweka kifundo kimenyooka na kuacha vidole huru. Bila hilo, nikikaa kwenye cherehani kwa muda, kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi. Pale kwenye kifundo kuna njia nyembamba unamopita mshipa wa fahamu wa vidole hivyo, na uvimbe ukizidi unaubana. Kushona nikiwa nimevaa banzi inawezekana. Kutunga uzi kwenye sindano ni kazi ya mwanagenzi. Pasi pia.

Saa 9 alasiri. Uchovu umefika. Huu si wa kazi, huja hata siku niliyoshinda nimekaa, ni sehemu ya ugonjwa. Na mteja naye kafika: anataka shanga za mkono kifuani mwa gauni. Nimempeleka kwa fundi mwenzangu. Shanga ndizo zilizonipa jina katika kazi hii, kwa hiyo sitasema hainiumi.

Saa 12 jioni. Viungo vya moto, vimejaa. Asubuhi vilitaka joto, sasa vinataka barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika chache tu. Nimefunga kazi.

Saa 3 usiku. Leo Ijumaa, siku ya methotreksati, dawa yangu ya baridi yabisi. Dozi yangu ni mara moja kwa wiki, na kwenye kopo nimeandika IJUMAA kwa herufi kubwa, kwa sababu aliyeandikiwa hivyo akaimeza kila siku anaweza kufa. Asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hiyo, ina siku yake nyingine. Damu inapimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Watu wengi huikatia tamaa methotreksati mapema, kwa kuwa haifanyi kazi kama kidonge cha maumivu. Huchukua wiki kadhaa kuonekana. Lakini hiyo ndiyo inayozuia viungo visiliwe. Kidonge cha maumivu hakina uwezo huo. Kopo lenyewe niliomba lenye kifuniko chepesi, yale ya kusukuma huku unazungusha ni mateso.

Simu inalia. Mwenye gauni anauliza kama anaweza kupita saa 1 asubuhi nimrekebishie kiuno. Nimemjibu kwa ujumbe wa sauti, maana kuandika kumeshanishinda: njoo saa 4.