Siku 90 za kwanza za rangi mpya ya gari: nilivyoilinda

Rangi mpya ya gari hukauka juu kabla ya kukauka ndani. Fundi anakukabidhi gari jioni, boneti hainati kidole, inang'aa hadi unajiona, kumbe thina (kioevu cha kuyeyushia rangi) iliyomo ndani ya kliya, lile tabaka angavu la juu, bado inatoka na itaendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Makosa mengi yanayoharibu rangi mpya yanaanzia hapo: mwenye gari anaitunza rangi ya siku tatu kama rangi ya miaka mitatu.

Gari ninalolizungumzia ni Toyota ya rangi ya fedha, namba ya rangi 1F7, iliyopigwa upya bodi nzima. Linalala nje Kigamboni, Dar es Salaam, linapita barabara ya vumbi kila siku, na upepo wa bahari unalifikia. Kliya ilichanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha iwe ngumu) kwa kipimo cha 2 kwa 1, ikapulizwa mikono miwili, yaani matabaka mawili, kwenye gereji ya wazi isiyo na oveni. Nayataja haya kwa sababu ratiba yote niliyoifuata ilitokana nayo. Kiwandani rangi huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi, kabla gari halijavalishwa plastiki, raba na nyaya, ndiyo maana gari la kutoka kiwandani unaweza kulipaka nta siku hiyohiyo. Gereji yenye oveni huoka kwa nyuzi 60 kwa takriban nusu saa. Haiwezi kupandisha zaidi kwa kuwa vitu vya ndani vitaharibika. Gereji ya wazi haioki kabisa, inategemea hewa na jua. Basi muulize fundi wako kabla hujaondoka: imeingia oveni au haikuingia? Iliyookwa ipe siku 30 bila nta wala polishi. Isiyookwa ipe siku 60 hadi 90. Mimi niliipa 90.

Kuna kipimo rahisi cha kujua rangi imefika wapi. Fungua mlango, tafuta sehemu ya chini iliyopulizwa lakini haionekani ukiufunga, bonyeza ukucha wa dole gumba kwa sekunde chache. Alama ikibaki, kliya bado laini. Pua nayo inasaidia: saa saba mchana, gari likiwa juani, ukiinama karibu na boneti ukasikia harufu ya thina, bado inatoka.

Nta na polishi zinaziba njia hiyo ya thina. Ikikwama ndani, kliya inabaki laini, mng'ao unafifia, na pengine yanatokea malengelenge madogo kama vipele. Tena polishi nyingi zina silikoni. Fundi akitaka kurudia sehemu yenye silikoni ambayo haijasafishwa vizuri, rangi inaikimbia na kuacha vishimo vya duara. Kwa hiyo atakayekwambia umpelekee gari akakupigie polishi ya kumalizia wiki ya kwanza, mshukuru na umkatalie.

Adui mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni kitambaa kikavu. Hii ndiyo sehemu niliyoisimamia kwa ukali. Asubuhi kijana wa getini anakuona unatoka, anashika tambara: "Bosi, ngoja nikutolee vumbi." Ana nia njema kabisa. Lakini vumbi la barabara zetu ni mchanga uliosagika, na chembe za mchanga zina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini cha 1 hadi 10, wakati ukucha wa mtu ni 2.5. Kliya yenyewe ina unene wa maikroni 40 hadi 60, yaani kama nusu ya karatasi ya kawaida ya kuchapia. Kila mara tambara linapopita, chembe zinaburutwa juu ya kliya na kuchora mistari myembamba. Simama saa nne asubuhi jua likipiga boneti kwa ubavu, utaiona imejaa mizunguko kama utando wa buibui. Gari jeusi linaonyesha vibaya zaidi. La fedha linaficha, lakini kuficha si kupona.

Nilichofanya ni kuondoa tambara na fagio la manyoya kwenye buti, na kuwaomba wote wa nyumbani pamoja na kijana wa getini wasifute gari kabisa likiwa kavu. Vumbi lililotulia halikwaruzi, linalosukumwa ndilo linalokwaruza. Vioo vya mbele na nyuma vifutwe kwa maji. Bodi ibaki na vumbi lake hadi siku ya kuoshwa.

Kuhusu kuosha, siku 7 za kwanza sikuosha. Kuanzia siku ya 8 hadi ya 30 nilimwagia maji matupu ya baridi kwa mpira usio na presha, kuanzia juu ya paa, nikaacha yateremke na vumbi. Mashine ya presha niliiweka kando mwezi huo wote, kwa sababu kingo pale fundi alipobandika karatasi na gundi, kandokando ya taa na raba za vioo, ndipo rangi changa hushika kwa udhaifu na maji ya nguvu yanaweza kuinyanyua. Baada ya siku 30 nikaanza shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, na nta utakayoipaka baadaye itaondoka nayo.

Naosha kwa ndoo mbili za lita 20, kila moja ikiwa na maji nusu. Ya kwanza ina shampuu, mililita 30 kwa lita 10 kama chupa yangu inavyoelekeza. Ya pili ina maji matupu, na chini yake nimelaza kipande cha wavu mgumu wa plastiki, ili mchanga ukituama usirudi juu kwenye kitambaa. Kwanza namwagia gari lote maji. Kisha kitambaa cha maikrofaiba kinachovywa kwenye shampuu, kinapita sehemu moja tu, mlango mmoja au nusu ya boneti, kinasuuzwa kwenye ndoo ya pili, ndipo kinarudi kwenye ya kwanza. Mwendo uwe wa mstari ulionyooka, kutoka juu kwenda chini. Sehemu za chini ya milango na bampa ya nyuma ziwe za mwisho, na matairi yawe na kitambaa chake ambacho hakigusi bodi milele. Kitambaa kikianguka chini, hakirudi kwenye bodi. Tazama sehemu nyingi wanazoosha magari barabarani: sponji ileile inatoka kwenye rimu inapanda boneti, na ikianguka kwenye kokoto inaokotwa na kazi inaendelea. Ndiyo sababu miezi mitatu ile niliosha mwenyewe.

Kukausha ni kulaza taulo la maikrofaiba juu ya maji na kulinyanyua, bila kusugua. Muda mzuri ni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Weka mgongo wa kiganja kwenye boneti. Ukisikia joto, subiri.

Maji ya kisima yanahitaji neno lake. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi na chokaa, na tone likikaukia juani linaacha duara jeupe. Kwa hiyo maji ya kisima naoshea, lakini suuzo la mwisho ni ndoo moja ya maji ya mvua au ya bomba. Madoa yakishatokea, na rangi imeshakomaa, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu kwenye kitambaa, dakika moja, kisha suuza vizuri. Kabla ya siku 90 siki isiguse rangi.

Mavi ya ndege hayasubiri ratiba. Dar es Salaam ina kunguru wa kutosha, na usiku popo wanakula maembe na kumwaga wanachokula. Watu hudhani mavi yanatia doa. Kinachotokea ni kwamba jua linalainisha kliya na kuitanua, mavi yana tindikali na yanakauka kwa kujikunja, kisha jioni kliya ikipoa inajikaza ikiwa imeshika umbo lake. Alama inayobaki ni bonde dogo, haitoki kwa kufuta, na kwenye rangi changa saa chache za jua la mchana zinatosha. Nilikuwa na chupa ya maji ya nusu lita na kitambaa cha pamba laini kwenye mfuko wa mlango kila siku. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya mavi, kiache dakika 5 hadi 10, ongeza maji kikianza kukauka, kisha kinyanyue kuelekea juu. Kikibaki kipande, rudia. Usikwangue, maana kwenye mavi kuna mbegu na changarawe.

Utomvu wa mwembe ni mbaya vilevile. Wenyewe unaunguza hata ngozi. Uliolowa bado unatoka kwa maji ya uvuguvugu. Uliokauka kwenye rangi iliyokomaa unalainishwa kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, lakini kwenye rangi changa spiriti inalainisha kliya pia. Ndiyo maana miezi hii ya mwanzo nililiacha gari juani badala ya kuliweka chini ya mwembe, ingawa wengi wanashangaa nikisema hivyo. Joto la jua linasaidia thina kutoka na hadina kufanya kazi yake. Kivuli cha mwembe kinaleta kunguru, popo na utomvu kwa mkupuo.

Turubai la kufunika gari sikulitumia. Mwanzoni linafungia mvuke na unyevu, baadaye upepo wa pwani unalipigapiga likiwa na mchanga ndani, likawa msasa.

Petroli ikimwagika pembeni ya tanki, mwagia maji papo hapo. Na mwambie anayejaza asiongeze baada ya pampu kukata. Mafuta ya breki ni hatari zaidi, yanaweza kuichubua rangi. Yakidondoka usifute, maana unayasambaza. Mengi yake yanachanganyika na maji, hivyo mimina maji mengi.

Mawe madogo hayazuiliki yote. Nilifunga madigadi magurudumu manne, kwa sababu kokoto nyingi zinazochubua chini ya milango zinarushwa na matairi ya gari lenyewe, na nikajizoesha kukaa mbali na malori ya mchanga. Ilipofika siku ya 90 nikabandika plastiki angavu ya polyurethane, unene wa maikroni 200, kwenye vikombe vya vitasa ambako kucha zinakwaruza, kingo za milango, ukingo wa bampa ambako mizigo inaburutwa kuingia kwenye buti, na migongo ya vioo vya pembeni ambako usukani wa bodaboda hupita kwenye foleni. Gari lote ni gharama kubwa, na sehemu hizo chache ndizo zinazoumia kila siku. Siku hiyohiyo nikapaka nta, tabaka mbili nyembamba, ya pili kesho yake. Kwa jua letu na chumvi ya bahari nairudia kila wiki 6 hadi 8, mara tu maji yanapoacha kujikusanya matone juu ya boneti.

Jambo la mwisho lifanye siku ya kupiga rangi, si baadaye: mwombe fundi akubakizie mililita 100 za rangi ileile, kabla haijatiwa chochote, kwenye chupa ndogo ya kioo iliyojaa hadi juu. Hata kwa namba moja, mchanganyiko wa duka jingine unaweza kutofautiana kidogo. Kokoto ikichubua hadi kwenye bati, futa kutu kwa ncha ya msasa namba 400 uliokunjwa, safisha kwa spiriti ndani ya kidonda tu, gusa praima (rangi ya msingi) kwa kijiti cha meno, subiri ikauke. Kisha rangi, matone membamba mawili au matatu kwa kupishana nusu saa, na mwisho tone la kliya yenye hadina. Rangi za fedha kama 1F7 zina vumbi la alumini linalotuama chini ya chupa. Tikisa dakika mbili nzima kabla ya kuchovya, la sivyo kidonda kitatoka cheusi kuliko bodi na utalazimika kukifuta uanze tena.