Magurudumu ya Boksi la Baba Mdogo

Desemba 2011 nilipita mtaa wa Manyatta, Kisumu, kumjulia hali baba mdogo, nikamkuta ameketi mlangoni na simu mkononi, hata hodi yangu hakuisikia. Rafiki yake waliyepiga naye benga, muziki wa gitaa wa Waluo, tangu ujana, mpiga besi wa bendi yao, alikuwa ameaga dunia. Angezikwa kwao Seme Jumamosi ya wiki iliyofuata, na wazee waliobaki wa bendi walikuwa wameombwa wapige usiku wa mkesha.

"Utaenda na gitaa, Baba?"

"Gitaa si kitu," akasema. "Lile nani atanibebea?"

Lile lilikuwa boksi la spika, limesimama kwenye kona ya sebule chini ya kitambaa cha mama mdogo na redio. Ni Marshall ya zamani, spika nne za inchi 12 ndani yake, ngozi yake nyeusi imechanika pembeni. Alilinunua mwaka 1978 kutoka kwa mpiga gitaa wa hoteli aliyekuwa akirudi kwao Uingereza. Lina kilo 36 hivi. Kwa uzito peke yake si mzigo wa kutisha, maana mfuko wa saruji una kilo 50 na vijana huubeba begani mchana kutwa. Tatizo ni umbo. Upana wake ni sentimita 75 na zaidi, kimo karibu hicho hicho, na vishikio viko ubavuni, kimoja kila upande. Mtu mmoja hawezi kulikumbatia. Lazima muwe wawili, mtembee kikaa, mkigonga miguu na miimo ya milango. Enzi za bendi walikuwepo vijana wa kazi hiyo. Kisha vijana wakaenda zao, na migongo ya wazee ikaanza kulalamika.

Mara ya mwisho kumwona akipiga hadharani ilikuwa 2006, mwaka aliofariki D. O. Misiani, mwanamuziki wa benga wa bendi ya Shirati Jazz. Miaka yote mitano iliyofuata niliamini kwamba vidole vilikuwa vimechoka. Lakini jioni nikipita pale nilikuwa nikimsikia akipiga bila umeme, nyuzi tupu, ule mpigo wa haraka unaofuata nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, hatua kwa hatua, na haukuwa na kasoro. Siku ile mlangoni ndipo nilipofahamu. Baba mdogo hakuwa ameacha gitaa. Aliacha kuwaomba watu wambebee.

Nikainamisha boksi nikatazama chini. Lilikuwa na magurudumu zamani. Matatu hayakuwepo, na la nne liliganda kwa kutu. Palipong'oka palikuwa na matundu manne manne ya skrubu.

Kesho yake, baada ya kazi, niliingia duka moja la vifaa mjini nikanunua kasta, yaani magurudumu madogo yenye sahani ya kufungia, nne za plastiki, za inchi 2, shilingi 120 kila moja. Sikupima kitu. Nilirudi nikakuta amelala, na kwa pupa ya kutaka kumfurahisha nikazifunga mwenyewe. Sahani za kasta zile hazikulingana na matundu ya zamani, kwa hiyo nikatoboa mapya kandokando, nikakaza skrubu fupi za mbao. Nikalisukuma boksi kutoka sebuleni. Kwenye kizingiti gurudumu la mbele likanasa, boksi likaendelea, na gurudumu likang'oka na kipande cha plaiwudi.

Aliamka kwa kishindo. Alichuchumaa taratibu, akaingiza kidole kwenye lile jeraha, akakizungusha humo kwa muda mrefu.

"Hiyo mbao imenisikia miaka thelathini na tatu, wuod owadwa," akasema, akiniita mwana wa ndugu yake kwa Kiluo. "Usiitoboe ovyo."

Hakuongeza neno. Hadi leo nikiikumbuka sauti yake, sipati raha.

Safari ya pili nilijipanga. Niliweka kadibodi chini ya boksi, nikachora kwa penseli kila tundu la awali mahali pake, nikakata. Jumapili nikaenda soko la Kibuye na kadibodi yangu, siku ambayo lilikuwa likifurika hadi kando ya barabara ya Kakamega. Upande wa jua kali nilimpata mama mmoja aliyetandaza vyuma kwenye gunia: bawaba, makufuli, beringi, na rundo la magurudumu yaliyotoka kwenye vigari vya kubebea mizigo. Nikayaweka moja moja juu ya kadibodi. Nilipopata sahani iliyokubali matundu yote manne, nilihisi kama nimeokota pesa.

Nilikuwa nikitaka ya inchi 4, kwa hesabu kwamba gurudumu kubwa hupita juu ya jiwe ambalo dogo hugota. Fundi aliyekuwa akichomelea madirisha hapo kando akaniuliza ni ya kitu gani. Nikamweleza, akataka kujua kina cha boksi kutoka mbele hadi nyuma. Nikamwonyesha kwa mikono: kama sentimita 36.

"Hiyo itapinduka, mwalimu. Ni refu, nyembamba, na unataka kuipandisha juu tena? Chukua ya inchi tatu. Na uangalie ikizunguka isitokeze nje ya boksi."

Alikuwa sahihi. Gurudumu linalogeuka huhitaji nafasi ya kugeukia, na likiwa kubwa inabidi ulisogeze ndani, miguu ya boksi ikazidi kukaribiana. Akanifundisha pia kuchagua: ulizungushe kwa kidole uone kama linayumba, uubonyeze mpira kwa ukucha, ukikuta umekauka kama pembe uuache. Nilitoka na manne ya inchi 3, mpira wa kijivu, mawili yana breki. Shilingi 250 kila moja. Nikaongeza bolti, nati na wosha pana.

Jioni ile tulifanya kazi pamoja. Yeye alishika taa, mimi bisibisi. Mgongo wa boksi umefungwa kwa skrubu nyingi, na tulizipanga kwenye sinia kwa mpangilio ule ule wa kutoka. Ulipofunguka, harufu ya mbao kuukuu ilitoka, na zile sumaku nne zikaonekana, kila moja na kifuniko chake cha kijani na lebo ya Celestion, watt 25. Nguzo fupi ya mbao ilisimama katikati, ikishikilia ubao wa mbele na wa nyuma visicheze.

Tulizifunika spika kwa shuka kabla ya kugusa drili, ili unga wa mbao na chembe za chuma zisiingie kwenye koili. Lile jeraha tulilijaza vipande vya mbao na gundi, tukaliacha hadi kesho yake. Matundu ya awali tuliyapanua kiasi cha bolti kupenya, tukaweka wosha pana upande wa ndani ili mvuto wote usilemee mahali pamoja. Kwenye bolti ya mwisho nikaegemea vibaya. Nati iliniponyoka, ikaruka hewani kama iliyoitwa, ikajibandika kwenye sumaku, upana wa kidole kutoka kwenye karatasi ya spika. Baba mdogo alinishika mkono kabla sijaivuta. Akaiburuta yeye, polepole, kwa kidole gumba, hadi ukingoni.

Tulipowasha ampu, kikuza sauti cha gitaa, uzi mnene wa juu ulileta mlio mwingine chini yake, kama nyuki kwenye kopo. Alinituma nipige uzi ule ule bila kukoma huku yeye akigusa gurudumu moja baada ya jingine. La tatu lilikuwa likitetemeka kwenye sahani yake. Tukakata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, tukauweka kati ya sahani na mbao kwa yote manne, tukakaza upya. Nyuki akanyamaza.

Ijumaa matatu ilitushusha Seme saa kumi na moja jioni, boksi likateremshwa kutoka juu ya gari. Vijana wawili wa pale nyumbani wakaja mbio kumsaidia mzee. Akawashukuru, akawapa gitaa wambebee. Boksi alilisukuma mwenyewe, kutoka langoni hadi kwenye hema, uwanja mzima uliofagiwa, na mpira wa kijivu ukaacha mistari myembamba kwenye vumbi nyuma yake. Alipofika karibu na wenzake alikanyaga breki ya kushoto, kisha ya kulia. Akachomeka waya, akapiga ule uzi mnene mara moja, akainamisha sikio kuelekea chini, akasikiliza hadi sauti ikaisha. Kisha akawageukia wazee wenzake, akahesabu.