Nilivyoipata hoja kuu ya uchambuzi wangu wa filamu ya Sembène

Sisi tuliosoma Kiswahili sekondari tulifundishwa kuchambua kazi ya fasihi kwa mpangilio mmoja: fani huku, maudhui kule. Kwenye maudhui unataja dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa. Kwenye fani unataja muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Nauheshimu mpangilio huo, kwa sababu ndio ulionizoesha kutazama kitu kwa makini. Ila nilipofika chuoni nikatakiwa kuandika makala ya kuchambua filamu, yenye hoja kuu moja ya kubeba kurasa zote, niliona kuwa orodha haizai hoja hata iwe ndefu vipi. Hoja ilikuja siku fani na maudhui vilipokutana mahali pamoja, kwenye jambo moja dogo lililokuwa likinisumbua.

Filamu niliyoichagua ni La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegali, iliyotoka 1966. Wengi huitaja kama filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji kutoka Afrika kusini mwa Sahara kuvuma duniani, na mwaka huohuo ilishinda tuzo ya filamu ya Jean Vigo kule Ufaransa. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Diouana, msichana wa Dakar, anaajiriwa na familia ya Kifaransa kulea watoto. Familia inaporudi Ufaransa inamwita aifuate hadi Antibes, mji wa pwani. Akifika anakuta kazi ni kupika, kufua na kusafisha, na hatoki nje ya nyumba. Mwishoni anajiua bafuni. Bwana mwenye nyumba anarudi Dakar kurudisha mizigo yake na mshahara. Mama yake Diouana anakataa zile fedha, na mtoto mdogo anavaa kinyago usoni na kumfuata yule Mzungu mitaani hadi anaondoka. Filamu nzima ni kama saa moja hivi. Hilo nalo lilinivutia: ni filamu unayoweza kuitazama jioni, ukairudia kesho yake bila kuchoka.

Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hii: filamu inaonyesha unyonyaji wa wafanyakazi wa ndani na ukoloni mamboleo baada ya uhuru. Ni kweli tupu. Senegali ilipata uhuru 1960, na kila kitu kwenye filamu kinaliunga mkono dai hilo. Niliipeleka kwa mhadhiri wetu, mama mmoja mpole lakini mkali kwenye kazi. Akaisoma, akaniuliza: “Nani atakubishia?” Nikawaza, nikamjibu hakuna. Akaendelea: “Na mtu aliyesoma muhtasari tu, bila kuiona filamu, angeweza kuiandika?” Nikasema angeweza. “Basi mwanangu, hiyo ni mada. Rudi kwenye picha.”

Maswali hayo mawili nimekaa nayo mpaka leo na ningemshauri kila mwanafunzi ayabandike ukutani. La kwanza linapima kama umesema kitu. La pili linapima kama ulichokisema kinatoka kwenye filamu yenyewe, kwenye kamera, sauti, mwanga na uhariri, mambo ambayo muhtasari hauna.

Kulikuwa na mvuto mwingine niliouheshimu kabla ya kuuweka kando. Kwetu Afrika Mashariki huwezi kumtazama Diouana usiwafikirie dada zetu wanaokwenda Omani, Saudia na Emirati kufanya kazi za ndani, wengine wakinyang’anywa pasipoti na kufungiwa. Nawafahamu waliorudi na simulizi za namna hiyo. Mawazo hayo ndiyo yaliyonifanya niijali filamu, na bado naijali kwa sababu hiyo. Lakini kila nilipoyaingiza kwenye rasimu, makala iligeuka ripoti ya kazi za Ughaibuni na Sembène akapotea. Nikayahamishia kwenye daftari jingine, yasubiri makala yake.

Nikarudi kwenye picha kama nilivyoagizwa. Nilichora mstari katikati ya ukurasa: kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Halafu nikaitazama filamu nikiwa nimezima sauti kabisa. Baada ya hapo nikaigeuza kompyuta ukutani nikasikiliza tu.

Kwa kutazama bila sauti, niliona jinsi nyumba ya Antibes ilivyo nyeupe. Kuta nyeupe, na kwenye mmoja wapo kinyago kimoja kimetundikwa peke yake. Ni kile ambacho Diouana aliwapa waajiri wake zawadi kule Dakar, ambako kilipangwa pamoja na vinyago vingine. Niliona gauni lake la madoa likifunikwa na aproni, na bibi mwenye nyumba akimwamuru avue viatu vyake vya kisigino. Na niliona kitu ambacho sikuwa nimekizingatia nilipokuwa nafuata kisa: kinywa chake ni nadra kufunguka. Anainama, anapangusa, anatazama dirishani, na midomo imefungwa. Watu wanaomzunguka wanaongea muda wote.

Kwa kusikiliza bila kutazama ilikuwa kama filamu nyingine. Diouana ndiye msemaji mkuu. Sauti yake ya ndani inatiririka kutoka mwanzo: anajiuliza watoto wako wapi, anashangaa kuwa Ufaransa kwake imekuwa jiko, bafu, sebule na chumba chake, anakumbuka Dakar. Lakini pale anapozungumza na waajiri, yanatoka maneno mawili tu: ndiyo bwana, ndiyo bibi.

Niliyekuwa naishi naye chumba kimoja wakati huo ni kijana wa Bukavu, Kongo, na Kifaransa anakijua kama Kiswahili. Mimi nilikuwa nategemea maandishi ya tafsiri chini ya picha. Siku moja aliisikia ile sauti kutoka upande wake wa chumba, hajui filamu inahusu nini. Akaniuliza huyo mwanamke anayeongea ni mwalimu au mtangazaji. Nikamwambia ni msichana wa kazi asiyejua Kifaransa vizuri. Akaja akaketi akatazama. “Hapana kaka,” akasema, “huyu wa ndani amesoma. Huyu wa kwenye picha ndiye hajasoma. Ni watu wawili.”

Na kweli ni watu wawili. Filamu ilipigwa bila kurekodi sauti papo hapo. Sauti ziliingizwa baadaye. Kwenye picha ni Mbissine Thérèse Diop, fundi cherehani wa Dakar aliyeigiza kwa mara ya kwanza. Sauti ni ya Toto Bissainthe, mwigizaji na mwimbaji mzaliwa wa Haiti. Nilipolijua hilo nikahisi nimeshika kitu. Mwanamke asiyekijua Kifaransa anafikiri kwa Kifaransa fasaha, kwa koo la mtu mwingine. Kwa nini? Jambo linalokusumbua kiasi hicho, na ambalo ukiliondoa filamu inabadilika, ndilo la kung’ang’ania.

Jibu jepesi lilikuwepo, na mwenzangu mmoja darasani alinipa palepale: fedha zilikuwa za Kifaransa, watazamaji waliolengwa walikuwa wa Kifaransa, Sembène hakuwa na njia. Ana hoja. Filamu iliyofuata, Mandabi ya 1968, Sembène aliitengeneza kwa Kiwolofu, lugha ya Senegali, na hilo linaonyesha alikotaka kwenda. Nilifurahi kupata pingamizi hilo, maana kabla yake hakuna aliyenibishia chochote. Nililitengea aya nzima kwenye makala. Jibu langu lilikuwa kwamba hali iliyomlazimisha mtengenezaji ni jambo moja, na kile ambacho filamu inakifanya mbele yetu ni jambo la pili. Mimi nilikuwa naandika kuhusu la pili. Na filamu yenyewe inalizungumzia suala la lugha waziwazi, kwa hiyo mtazamaji haruhusiwi kulipita.

Ushahidi wangu mkubwa ulikuwa matukio mawili. La kwanza ni mlo wa mchana. Wageni wamekuja, Diouana amepika wali wa kwao, na mgeni mmoja mwanamume anainuka kumbusu shavuni bila ridhaa yake, eti hajawahi kumbusu mwanamke mweusi. Kisha mezani wanajadili kama msichana anajua Kifaransa. Wanaambiwa hajui ila anaelewa, kwa silika, na mtu anaongeza: kama mnyama. Hayo yanasemwa naye yupo nyumba hiyohiyo, na sisi tumekuwa tukimsikia akifikiri kwa Kifaransa kinachozidi kwa ufasaha kile cha hao walioketi mezani. Kama sauti ya ndani ingekuwa njia ya kutupa habari tu, tukio hili lisingeuma hivi. Linauma kwa sababu tunajua wanachosema ni uongo na hatuna namna ya kuwaambia.

La pili ni barua. Barua inafika kutoka kwa mama yake. Diouana hajui kusoma, kwa hiyo bwana anamsomea kwa sauti. Halafu bwana mwenyewe anachukua kalamu na kuanza kumjibia: anatunga salamu na maelezo ambayo Diouana hajayasema. Ndani, sauti inakataa, hiyo si barua yangu. Diouana anaichana. Nilirudia tukio hili hadi nikajua kila mkato. Mzungu ameketi mbele yake akimtengenezea sauti, na sauti yake halisi ipo palepale kwenye spika zetu.

Hapo hoja yangu ilikuwa hivi: Sembène anampa Diouana sauti ambayo kila mtazamaji anaisikia na hakuna mwajiri anayeisikia. Nikaipeleka. Mhadhiri akasema imekuwa nzuri, akauliza tena: “Kwa hiyo?” Swali hilo fupi ndilo lililonipa kazi kuliko yote. Nilikuwa nimesema jinsi filamu inavyofanya, nikabakiza inafanya ili kudai nini.

Nilichofanya ni kuangalia safu yangu ya kulia, ile ya kinachosikika, inaishia wapi. Kabla ya kifo chake, sauti ya Diouana inarudia rudia kwamba hawatamwona tena, hawatamtuma tena. Baada ya bafuni inazimika. Lakini filamu haijaisha. Kinabaki kipande kizima cha Dakar, na humo safu ya kulia haina neno hata moja la Diouana. Safu ya kushoto ina kinyago. Kabla ya kujiua alikwisha kukitoa ukutani na kukigombania na bibi, kila mmoja akivuta upande wake. Sasa kipo Dakar, usoni kwa mtoto, na bwana anageuka nyuma mara kwa mara, anaongeza mwendo, ana hofu. Kinyago hakisemi chochote, ila kinamfikia. Kile ambacho sauti fasaha ya Kifaransa haikuweza kukifanya kwa filamu nzima kimefanywa na kipande cha mti.

Ndipo nikaandika hoja iliyobaki hadi mwisho, na nainakili hapa kama ilivyokuwa kwenye makala: “Katika La Noire de..., Sembène anampa Diouana sauti ya ndani inayosikika kwetu tu, na hivyo anatufanya mashahidi wa mazungumzo ambayo waajiri wake hawayasikii. Sauti hiyo inapozimika, kinyago kisichosema ndicho kinachomfikia mwajiri, na kwa kubadilishana huko filamu inadai kuwa Diouana hakuwahi kupungukiwa na lugha, waliopungukiwa walikuwa wasikilizaji wake.”

Ni sentensi ndefu, nakubali kuwa mtu angeweza kuikata mara mbili. Lakini inabishika, haiwezi kuandikwa kwa kusoma muhtasari, na inajibu “kwa hiyo?”. Zaidi ya hayo ilinipangia makala. Niliacha kufuata kisa kutoka mwanzo hadi mwisho, nikafuata sauti: inapoingia, inapogongana na maneno ya watu wengine, inapozimika, kinachoichukulia nafasi. Hata tukio la kuajiriwa lilipata maana mpya. Wanawake wameketi kando ya barabara Dakar wakisubiri kazi, bibi anapofika wote wanamkimbilia, Diouana peke yake anabaki ametulia, na ndiye anayechaguliwa. Ukimya wake ndio uliompa kazi. Nilikuwa nimelipita tukio hilo mara zote za mwanzo.

Hoja pia ilinilazimisha kukata. Aya yangu kuhusu viatu na aproni niliipenda sana, na ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko nyingine, lakini ilihusu mavazi na hadhi, haikuhusu kusikika. Ikatoka. Vivyo hivyo maelezo marefu ya maisha ya Sembène bandarini Marseille na masomo yake ya filamu Moscow. Yakabaki nusu sentensi.

Makala ilirudi na alama nzuri, na pembeni mwa ukurasa wa mwisho mhadhiri ameandika swali: je, hoja hii inasimama kwenye Borom Sarret? Ni filamu fupi ya Sembène ya 1963, ya dakika kama 20, juu ya mwendesha mkokoteni wa Dakar ambaye naye tunamsikia akifikiri. Nimeshaanza, kwa daftari lilelile lenye safu mbili. Mambo ni magumu zaidi huku. Kuna omba-omba anayemsihi yule mwenye mkokoteni, naye hamjibu. Kimoyomoyo anajiambia hakuna haja. Safari hii mwenye sauti ya ndani ndiye anayekataa kusikia, na sijaona bado namna ya kuwaweka yeye na Diouana kwenye sentensi moja.